Kundi la Mazishi Lililogeuka Ofisi ya Jumapili

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumapili nyingine haijafika, kwa maana jambo lenyewe si kubwa la kupelekwa kwa chifu wala si dogo la kulilalia, na kila nikilisimulia watu hucheka, nami hucheka nao, halafu nikifika nyumbani sicheki tena.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, naishi Umoja, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika kiwanda cha kufua mashuka na taulo za hoteli huko Viwandani. Kazi yangu ni madoa. Mafurushi yakiteremshwa mimi ndiye ninayeyafungua mezani na kuamua shuka lipi liende mashine moja kwa moja na lipi lina damu, divai, hina, kutu, mafuta ya nazi au rangi ya kiatu, kwa sababu doa ukilikosea ukalitia maji ya moto umelipika, halitoki tena, na hoteli haitaki kusikia maelezo. Sina malalamiko na maisha. Binti yetu Lenah yuko shule ya bweni na anafanya vizuri, mume wangu Javan hanywi wala hapigi kelele, majirani wetu ni watu wa kuazimana chumvi. Javan anafanya kazi ya reli, hukaa kambini Kibwezi wiki nzima, hufika Jumamosi jioni amechoka analala, na Jumapili saa kumi anashika njia tena. Ukiondoa usingizi na ibada, mimi na yeye tuna saa nne kwa wiki, kuanzia saa sita mchana tunapotoka kanisani hadi anapofunga mkoba. Saa hizo nne ndizo ninazokuandikia.

Mwaka jana mwezi wa pili msimamizi wetu wa zamu, Shiundu, alifiwa na mama yake mzazi. Jioni ile ile tukafungua kundi la WhatsApp kama kawaida, likaitwa Safari ya Mwisho ya Mama Rasoa, na picha ya kundi ikawekwa yake marehemu, amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, hatabasamu lakini anakutazama. Tukaingia sisi wafanyakazi kumi na wanne pamoja na familia yake ya Malava, tukakutana kwa Shiundu kila jioni, tukapanga, tukasafiri, tukamzika vizuri, tukarudi. Makundi ya namna hiyo hunyamaza yenyewe, wewe unajua. Hili halikunyamaza, kwa sababu siku ya tatu baada ya mazishi, Shiundu akiwa bado kijijini, boila ya kuchemshia maji ya kufulia ilikataa kuwaka, na Abdinoor anayeiendesha akaandika humo kwa kuwa kila mtu alikuwa humo, Shiundu naye akamjibu humo humo, kesho yake Mbinya akauliza humo funguo za stoo ziko na nani, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kufikiria kuandika mahali pengine.

Sasa ni mwezi wa kumi na sita. Jumapili hoteli hazifungi, kwa hiyo wenzangu sita huwa kazini nami nikiwa ofu, na simu yangu ikilia nikiwa mezani na mume wangu, mboga ya mrenda ikiwa bado ina moto na vidole vimejaa, kinachotokea kwenye kioo ni sura ya Mama Rasoa na chini yake maneno kama haya: "Mama Lenah, niaje. Kuna shuka tatu za divai hapa, tunafanya nini?" Nikijibu, linakuja lingine. Nisipojibu, mtu anaandika, "Mama Lenah amelala ama?" na mwingine anajibu, "Labda bado anaombewa." Halafu kuna Shangazi Truphena, dada mdogo wa marehemu, ambaye yuko Malava na husoma kila kitu na kujibu kila kitu kwa neno moja. "Boila imezima." "Amina." "Gari la hoteli limechelewa." "Amina, Mungu awaonekanie."

Mwezi wa nne mwaka huu niliamua kutoka. Nilibonyeza tu, nikaona imeandikwa kwamba nimetoka, nikahisi mwili mwepesi. Hazikupita dakika kumi Shangazi Truphena akanipigia. "Mwanangu," akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "umemwacha dada yangu njiani?" Mshauri, ungemjibu nini? Asubuhi ya Jumatatu Shiundu akaningoja langoni, hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonimaliza, akaniuliza, "Mama Lenah, kuna mahali nilikukosea wakati wa msiba wa mama?" Na mimi, mwanamke mzima, mwimbaji wa kwaya, nikamwambia simu ilianguka kwenye beseni ikajitoa yenyewe. Alinirudisha saa hiyo hiyo. Shangazi akaandika maombi marefu ya kuombea simu yangu, watu saba wakaitikia Amina, na Abdinoor ambaye ni Mwislamu akaandika Amin.

Nimeuliza wenzangu kama nao wamechoka, na wote wamechoka. Mbinya aliniambia, "Mimi nitoke nionekane mtu wa aina gani? Toka wewe kwanza."

"Mimi nilishatoka."

"Na si ulirudi?"

Abdinoor yeye hutucheka. Alisema, "Kwetu tungemzika siku hiyo hiyo na kila mtu arudi kwa shughuli zake. Nyinyi mmemweka mama wa watu zamu mwaka mzima."

Nilijaribu pia kuzima sauti ya kundi. Jumapili hiyo nilichungulia mara kumi na nne, Javan ndiye aliyehesabu. Na hapa nitakiri jambo ambalo sijamwambia mtu, kwamba wakiniuliza moyo wangu hufurahi, kwa sababu nilianza kazi hapo nikisukuma mikokoteni na leo hakuna doa linalotolewa bila jina langu kutajwa, na wakati mwingine nikiona wamekaa saa nzima bila kuniuliza ninajiuliza kwani wanamuuliza nani.

Lakini Jumapili iliyopita Mbinya aliandika kwamba kuna taulo mgeni amefutia viatu, rangi nyeusi, na kabla sijanawa mikono Javan alikuwa ameshachukua simu yangu akaandika, "Spiriti kwanza, usitie maji, pangusa usisugue." Mbinya akajibu, "Asante mama." Ilikuwa sawa kabisa, neno kwa neno. Tulicheka mpaka nikatokwa na machozi. Kisha akiwa anafunga kamba za viatu ili aondoke akasema, bila kuniangalia, "Muhonja, mimi nikistaafu kazi nyingine ninayo. Ila leo tumeongea habari ya taulo tu." Akabeba mkoba akaenda, na wiki nzima maneno hayo yamekaa nami kwenye meza ya madoa.

Je, nitoke tena na nivumilie watakavyosema? Nimwambie Shiundu aondoe picha ya mama yake, na nitaanzia wapi? Ama ninyamaze, kwa kuwa watu wana shida kubwa kuliko hii? Namba yangu iko chini ya barua, usiichapishe, na majina yote nimeyabadilisha.

Ni mimi,
Muhonja, Umoja


MSHAURI ANAJIBU

Mama Lenah, barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikapiga ile namba. Samahani kwa kukupata ukiwa kazini. Ulijibu mlio wa kwanza, na hilo nitalirudia.

Kwanza nikuondolee wasiwasi wa swali lako la mwisho. Shida yako ni ya haki na hukukosea kuiandika. Saa nne kwa wiki ni kidogo, na mtu anayezilinda hahitaji kuomba radhi kwa wenye shida kubwa zaidi. Pia ulielewa vizuri kilichotokea mwezi wa nne. Ulidhani unatoka kazini, wao wakaona unatoka matangani. Pande zote mbili mlikuwa sahihi, ndiyo maana ulishindwa kujitetea.

Sasa nikuseme kidogo.

Uongo wa beseni haukukusaidia kitu. Shiundu alikupa nafasi nzuri kuliko zote, asubuhi, langoni, mkiwa wawili, bila hasira. Alikuuliza swali la moja kwa moja. Ungesema sentensi mbili za kweli siku hiyo, usingekuwa unaniandikia leo. Badala yake umeiacha familia iliyofiwa ikiombea simu nzima isiyo na hitilafu.

La pili ni hilo uliloliita kukiri, na nafurahi ulilitaja mwenyewe. Umejifanya mtu wa lazima. Nilikuuliza kwenye simu boila ikizima siku Abdinoor akiwa ofu nani huiwasha. Ulisema Mbinya, kwa sababu Abdinoor alimfundisha. Nikakuuliza nani umemfundisha madoa. Ulicheka, halafu ukasema, "Hakuna, ni kweli." Basi wenzako wanafanya jambo la busara. Wanamuuliza mtu pekee anayejua, naye hujibu upesi kuliko zimamoto. Mwalimu wao wa Jumapili ni wewe. Hata mumeo amefuzu kabla yao, na yeye hakuajiriwa hapo.

Kujivunia kazi yako si kosa. Umeipata kwa miaka tisa ya kusimama. Kosa ni kuificha kichwani ili simu iendelee kulia.

Tuje kwenye kundi lenyewe. Wasomaji wengine wangekushauri umwambie Shiundu abadilishe jina na picha. Usithubutu. Hilo ni kumwomba mtu amtoe mama yake ukutani ili mpate mahali pa kuulizia funguo za stoo. Wengine wangetaka nikutajie sheria za kazi. Mwajiri wako hayumo kwenye kundi hilo, hajaandika humo hata herufi moja, na mwanasheria angeona kundi la maombolezo lenye Amina nyingi kuliko maagizo. Shida hii haikuletwa na ofisi, na ofisi haitaimaliza.

Nilikuuliza swali lingine, na hilo ndilo nililokupigia simu kwa ajili yake. Kamati ya mazishi ilivunjwa lini?

Ukasema, "Haki, haikuvunjwa."

Nimehudhuria mazishi mengi kwa kazi na kwa undugu, na nimeona kamati zikivunjwa. Watu hukutana mara ya mwisho, kunakuwa na chai, taarifa inasomwa, familia inashukuru, mtu anaomba, mwenyekiti anasema kazi imekwisha na kila mtu yuko huru. Inachukua nusu saa na wengi huiona kama desturi ya kupitisha muda. Nyinyi mliiruka. Uliniambia jioni ya kwanza mliyopanga ilinyesha, ya pili nusu yenu mlikuwa zamu, na Shiundu aliporudi aliingia moja kwa moja kwenye mafurushi kwa sababu hoteli zilikuwa zimelundika. Kwa hiyo hadi leo hakuna aliyewaambia kwamba mmemaliza. Ndiyo maana anayetoka huonekana mtoro, hata baada ya miezi kumi na sita.

Nikakuuliza mwenyekiti alikuwa nani. Ulisema Abdinoor. Familia ilimtaka mtu wa nje asiye na upande kwenye ukoo, na yeye hana kelele, wakamchagua.

Mama Lenah, mtu mmoja tu katika Nairobi nzima ana mamlaka ya kuwafungua wote kumi na wanne, naye amekuwa akisimama kwenye boila, hatua chache kutoka mezani kwako, akiwacheka kwamba mmemweka mama wa watu zamu. Hajui kwamba anayepaswa kumpa ruhusa ya kwenda ni yeye. Huko kwao mambo haya huisha kaburini, na hakuna aliyemweleza kwamba huku kwenu huisha kwenye kikao. Mlimpa kiti, hamkumwambia kina kazi gani baada ya safari.

Kesho mwambie. Kwa mdomo, si kwa kuandika. Kisha nyinyi wawili mwendeeni Shiundu kabla zamu haijaanza. Mwambie ukweli wa beseni kwanza, na useme haraka, usiupambe. Halafu Abdinoor aseme kwamba kama mwenyekiti anadaiwa kikao kimoja na angependa kukifanya. Shiundu ni mtu aliyekungoja langoni kuuliza kama alikukosea. Mtu kama huyo huenda amekuwa akiogopa kulifunga kundi kwa sababu ile ile mnayoogopa nyinyi kutoka, kwamba ataonekana amemchoka mama.

Kikao kiwe nyumbani kwake, siku ya kazi jioni, si Jumapili. Shangazi Truphena awekwe kwenye simu asikie. Taarifa isomwe, familia ishukuru, mwenyekiti avunje kamati. Kundi lisifutwe. Liachwe kwa familia na picha yake ilivyo. Nyinyi wafanyakazi kila mmoja aandike neno lake la kuaga, kisha mtoke wote jioni hiyo hiyo. Kumi na wanne wakitoka pamoja baada ya maombi, hakuna wa kuuliza nani amemwacha nani. Ni waombolezaji wanaorudi makwao.

Kuhusu huyo shangazi, usimcheke sana. Ulinieleza anaishi peke yake tangu dada yake afe, mwanawe yuko Eldoret. Kwa mwaka mzima na zaidi kila asubuhi sura ya dada yake imemletea habari za watu walio hai: boila, funguo, magari yaliyochelewa. Yeye ndiye atakayepoteza kitu siku mtakapotoka. Gawaneni. Kila wiki mmoja wenu ampigie, bila habari za kazi. Mkiwa kumi na wanne, zamu yako itafika mara tatu au nne kwa mwaka. Hilo haliwezi kukushinda.

Baada ya hapo fungueni kundi la kazi lenye jina lisilovutia kabisa, na mwombeni mwenye kiwanda anunue simu moja ya kazi inayobaki mezani kama pasi zinavyobaki. Aliye zamu anajibu, aliye ofu hayumo. Nunua karatasi kubwa ya manila uandike kila doa na dawa yake, kwa herufi kubwa, ubandike juu ya meza. Mfundishe Mbinya wiki mbili, kisha mwache akosee. Ataharibu shuka moja au mawili. Wewe pia uliharibu yako, hukuniambia mangapi.

Ukiona umeingiwa na upweke kwa sababu hakuna aliyekuuliza kitu tangu asubuhi, jua kazi uliyoifanya imekamilika.

Kumbe kuna jambo moja zaidi. Umeniandikia madoa sita kwa majina yao, dawa ya moja, historia ya boila, na nani aliuliza funguo za stoo. Kuhusu kazi ya mumeo umeandika neno moja, reli. Yeye amejifunza kazi yako mpaka Mbinya hawezi kuwatofautisha. Jumapili ijayo, saa sita, pakua chakula, umuulize yeye hufanya nini huko Kibwezi kutwa nzima, halafu nyamaza usikilize.